Nitilie Shaka

Saa nne na robo asubuhi, Wete, umeme ndio kwanza umerudi,
feni inasukuma karatasi za malipo ya mwani,
na sauti ya Bi Mwanakhamisi ikaingia simuni mwangu:

"Riziki mwanangu, nipo Unguja, kikao hakijesha.
Yule wa kamba na tai-tai anataka chake leo,
milioni kumi na nane, akaunti nimekuandikia.
Fanya kabla ya adhuhuri. Usinipigie, nimo ndani."

Ilikuwa yeye.
Sitaki kujitia ujuzi sasa, baada ya mambo kupita.
Kikohozi chake cha vumbi la karafuu kilikuwamo,
na "mwanangu" ameivuta kama anayekaza ukili.
Nyuma yake vikombe viligongana, mtu akaitikia salamu.

Nikafungua ukurasa wa benki.
Nikaandika moja. Nikaandika nane.
Sifuri nikazihesabu kwa ncha ya kidole.

Juu ya printa, kwa wino mwekundu, gundi imeanza kuachia:

    Sauti ukiijua
    usije ukapumbaa;
    simu kwanza funga, kaa,
    upige ya kitabuni.

Aliubandika Othman Khatibu, kijana wa mitambo,
alipokuja Mfunguo Nne akatukusanya chumba cha magunia.
Zamani, alisema, barua ya mwizi mliijua kwa makosa yake,
Kiswahili chake kilichechemea, mkacheka, mkaifuta.
Sasa ana akili mnemba, hakosei hata nukta.
Anajua jina la mwanao na siku ya mshahara,
na sauti huitengeneza kwa dakika mbili tu za hotuba.
Hotuba ipi? tukamwuliza.
Akatuonesha ya Bi Mwanakhamisi, ufunguzi wa banda la kukaushia,
tuliyoisambaza wenyewe, na vigelegele vyake.

Lakini nani humpigia mkubwa wake amwulize, wewe ni wewe?
Mimi nimelelewa Mtambwe: mkubwa akiita unaitika labeka,
na mguu uko njiani neno halijesha.
Hapo ndipo anapopita. Kufuli hakuligusa.
Kapita kwenye adabu yetu, viatu mkononi.

Nikamkumbuka Kombo Makame, wa ushirika wa jirani,
aliyetuma milioni thelathini kwa labeka moja.
Siku hizi huenda sokoni kwa njia ya nyuma.
Wapo wanaomcheka.
Nami nilimcheka.

Nikafunga simu. Nikakaa, kama mstari unavyotaka.
Nikachukua kitabu cha jalada la kijani,
nikapiga namba aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe.
Ikaita. Ikaita. Jasho likanitelemka mgongoni na feni inazunguka.
Mara nne, sikumpata.
Hafidhi, mwenye saini ya pili, akachungulia mlangoni:
"Vipi, tulipe?"
"Tukae," nikamwambia.
Adhuhuri ikaadhiniwa. Muda wa ile sauti ukapita.

Saa saba akapiga mwenyewe, kwa ukali:
"Simu nne! Nani kafa?"
Nikamwuliza, ulimi mzito kama nimeuazima:
"Bi mkubwa, neno letu la wiki hii?"
Kimya. Kisha akasema, taratibu,
"Kungumanga."
Nikalia.

Aliporudi nilimsikilizisha.
Alisikiliza mara mbili, miwani mkononi.
"Mie huyu," akasema. "Hata mimi ningejitumia."
Polisi tumewapelekea ile akaunti, jawabu bado.
Akakaa sana pale kwenye kiti cha wageni,
kisha akaomba kalamu nyekundu,
na chini ya shairi la Othman, pasi na mizani wala kina, akaandika:

Nitilie shaka.
Mimi, Mwanakhamisi binti Faki.
Ndiyo heshima ninayoitaka.

Hafidhi akaenda kununua gundi.